Sauti ya Omena Iliyokauka

Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi yetu; Mzee Robinson Ondiek, Mwenyekiti wa kikundi cha wakaushaji omena, dagaa wa ziwa letu, hapa Dunga; Mchungaji wetu; wageni waalikwa kutoka Asembo Bay na Ahero; mama yangu Lorine, ambaye tangu nisimame hapa hajavuta pumzi; na zaidi ya wote Mama Rachael Oyugi, ambaye tumekusanyika kumuaga anapostaafu: hamjambo nyote?

Naitwa Winny, niko kidato cha tatu. Wengi wenu mnanijua kwa utosi, maana nikisalimiwa huinamisha kichwa. Shuleni nimefundishwa kwa Kiswahili na Kiingereza, nyumbani tunaongea Dholuo, na katika lugha zote tatu nimejaliwa kunyamaza vizuri sana. Kwa hivyo Mwenyekiti aliposema, "Huyu amesoma, atatutolea hotuba," mama alicheka mpaka akashika ukuta.

Leo nataka kuzungumza nanyi kuhusu pua, masikio na vidole.

Kwa miaka ishirini na sita hakuna gunia la kikundi hiki lililofungwa kabla ya Mama Rachael kulikagua. Mnajua anavyofanya. Haangalii. Huingiza mkono hadi kiwiko, hufumba macho, hukoroga, halafu husikiliza. Omena iliyokauka huchakarika kama majani ya mahindi ya mwezi wa pili. Yenye maji ndani haisemi kitu. Siku niliyomwonyesha kwamba simu yangu inaweza kuhesabu saa za jua, alinitazama kuanzia kichwani hadi kwenye ndala.

"Hiyo simu imewahi kula omena?"

Mwaka jana insha zangu zilikuwa zikirudi na wino mwekundu: "Haina uhai." Nilimsomea moja, ya harusi ya kifahari Nairobi, mahali ambapo sijafika. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Hiyo harusi ilikuwa na harufu gani?"

"Sijui, Mama."

"Basi hukualikwa."

Tangu siku hiyo, kabla ya kuandika, hukaa dakika kumi nimefumba macho. Nasikia tumbo la mashua likikwaruza changarawe. Nanusa petroli iliyochanganyika na samaki. Nashika wavu uliolowa, baridi yake inanipanda hadi begani, na sentensi zinakuja zenyewe, sizitafuti. Insha yangu ya asubuhi ya Dunga ilisomwa mbele ya darasa zima. Ilisomwa na mwalimu, kwa sababu mimi nilikataa. Na kabla ya mtihani, moyo ukianza kunikimbia, husugua kipande cha wavu mkavu kati ya vidole mpaka pumzi irudi mahali pake. Hata sasa mkono wangu wa kushoto uko mfukoni. Msiniulize umeshika nini.

Ningeweza kuishia hapo, mkapiga makofi, tukala. Lakini sitaishia hapo.

Mnakumbuka mwezi wa nne, magunia matatu yaliporudishwa kutoka Ahero yakinuka? Mnakumbuka yaliyosemwa? "Mama Rachael masikio yamezeeka." "Apumzike sasa, ametufanyia kazi ya kutosha." Kikao kikaitwa, kiti cha kupumzikia kikanunuliwa, na ndicho kile pale kimefungwa utepe.

Magunia yale Mama Rachael hakuyagusa. Niliyafunga mimi.

Alikuwa ameenda kliniki kupimwa macho, na aliniachia neno moja tu: nisifunge chochote kabla hajarudi. Mawingu yalikuwa yametanda tangu asubuhi. Pikapu ikaja mapema, dereva akaanza kupiga honi. "Wewe msichana, funga twende! Ama unangoja hizo samaki zikupe ruhusa?" Watu wakacheka. Nikatazama simu: saa nane za kuanikwa zilikuwa zimetimia. Nikaingiza mkono. Omena zilipinda bila kuvunjika. Zilikuwa baridi. Nikakoroga, na sikusikia kitu.

Mkono wangu ulijua. Sikio langu lilijua. Nilihitaji kusema neno moja tu, "Bado." Lakini mtu mzima alikuwa ananipigia kelele, na watu walikuwa wananitazama. Nikafunga.

Ndugu zangu, sikio linalosikia lina faida gani, ikiwa mdomo hauthubutu kulitolea ushahidi?

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, nilimfuata nyumbani kwake nikilia. Akanikalisha jikoni. "Nyathina, mtoto wangu, nilijua. Lile fundo ni lako. Unafunga gunia kama kamba ya kiatu."

"Mbona hukusema kwenye kikao?"

"Kwani nililifunga mimi? Siku utakapoweza kusema bila kutazama vidole vyako vya miguu, utasema."

"Na wakikuondoa kabla ya hiyo siku?"

"Basi ufanye haraka."

Sikufanya haraka. Imenichukua miezi mitano, na kiti kimeshanunuliwa. Mama Rachael, nisamehe. Mzee Ondiek na akina mama wa kikundi, nisameheni. Na wewe mama yangu, nisamehe pia, ingawa najua tutaongea vizuri tukifika nyumbani.

Bwana Mwenyekiti, sikuja kufundisha wakubwa kazi yao. Naomba mambo mawili. La kwanza, Mama Rachael akitaka kupumzika, apumzike kwa kupenda kwake, si kwa kosa la mkono wangu. Asipotaka, kile kiti kisiende sebuleni kwake, kiwekwe kando ya vichanja vya kuanikia, na utepe wake. La pili, kila Jumamosi anifundishe mimi na wasichana wengine wa Dunga kukagua kwa mkono na kwa sikio. Simu tutabaki nazo, zitatuambia saa. Omena itatuambia kama imekauka.

Sasa mnaniona nimeshika ungo kwa mikono yote miwili. Omena hii niliianika mwenyewe jana, na sikuipima kwa saa. Naomba kimya, hata kwa watoto. Naomba mfumbe macho, nawe Mheshimiwa pia. Nitautikisa mara moja tu, halafu Mama Rachael atatuambia.

Mama, ukisema tayari, nitafunga, na safari hii fundo litakuwa la gunia. Ukisema bado, nitaianika tena. Na pikapu ikija ikapiga honi mpaka betri iishe, mimi ndiye nitakayetoka nimwambie dereva, nikimtazama usoni: bado.

Kwa masikio mliyoniazima leo, nasema ero kamano, asanteni sana. Sasa, fumbeni macho.