Mwalimu Aliyekataa Kutia Sahihi

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti. Leo tunamkumbuka mwalimu wa umeme wa jua, mama wa watoto watatu, aliyetutoka wiki tatu zilizopita kwa maradhi ya figo. Alikuwa na miaka hamsini na minane. Wanafunzi walimwita Mwalimu Rudia. Ukifunga waya ovyo, aliutazama kama mtu aliyekuta unywele kwenye chai, kisha akasema, "Rudia."

Niseme mapema: kumbukumbu hii si tamu. Mwalimu Rudia aliishi miaka yake ya mwisho akiwa amechefukwa. Mkishasikia kisa chake, mtaelewa kwa nini.

Alianza kwa kutengeneza redio na pasi kwenye kibanda nyuma ya soko. Paneli zilipoanza kupanda juu ya mapaa ya watu, akaanza kuona kazi za kubahatisha. Nyaya zimesokotwa kwa vidole, zimezungushiwa solotepu, na chini yake watoto wamelala. Mumewe, fundi cherehani, anasimulia walivyoalikwa kwa jirani aliyekuwa ametoka kuwekewa umeme wa jua. Mwalimu Rudia hakuketi. Alipanda juu ya stuli, akachungulia waya unapoingilia darini, akashuka na kusema hatakula kitu chini ya dari lile. Jirani alinuna mwaka mzima.

Akaingia chuo cha ufundi akiwa na miaka arobaini na mmoja, darasa moja na vijana wa rika la wanawe. Akapata stashahada. Chuo hichohicho kikamwajiri afundishe.

Sasa sikilizeni vizuri. Chuo kilipewa msaada wa vifaa vya mafunzo: paneli ishirini na nne, betri, inveta, nyaya, koleo, mita za kupimia. Mkuu wa chuo akaviweka stoo na kufunga. Sababu yake? Wanafunzi wangeviharibu. Wageni wakija, stoo inafunguliwa, wanapiga picha mbele ya maboksi, stoo inafungwa. Wanafunzi wanasoma ubaoni. Paneli yao ni mraba wa chaki. Waya wao ni mstari wa chaki.

Miaka mitatu aliomba ufunguo. Miaka mitatu. Siku alipofunguliwa, alikuta betri zimekufa ndani ya maboksi, maana betri isiyochajiwa hufa yenyewe. Tindikali imevuja sakafuni. Kwenye boksi la nyaya panya wamezaa. Anasema mumewe kwamba siku hiyo alirudi nyumbani, akanawa mikono mara nne.

Wiki hiyohiyo aliletewa vyeti kumi na tisa atie sahihi. Kila cheti kinasema huyu ni fundi aliyehitimu kwa vitendo. Akakataa. Wanafunzi kumi na tisa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kushika paneli. Na mmoja wao, wasikilizaji wapendwa, alikuwa bintiye mwenyewe, kitindamimba wake.

Binti alikuwa na kazi inayomsubiri. Kampuni za umeme wa jua zilikuwa zinaajiri kila mwezi, na mojawapo ilimpa siku kumi alete cheti. Alimlilia mama yake jikoni. Akamwuliza ni mama gani anayemzibia mwanawe njia.

"Mama anayejua kwamba hujui," akajibiwa.

Binti akasusa kuzungumza naye. Makamu wa mkuu akatia sahihi vyeti vyote kumi na tisa kabla chai yake haijapoa. Binti akaenda kazini na karatasi yake.

Mwezi wake wa pili kazini akatumwa zahanati moja kubadilisha kidhibiti chaji, kile kifaa kinachokaa kati ya paneli na betri. Ilikuwa saa sita mchana, jua la utosi. Kwenye mtihani alikuwa ameandika, "Kwanza zima umeme," akapewa alama zote. Sasa yuko juu ya bati anatafuta mahali pa kuzimia paneli. Hapapo. Paneli ikipigwa na jua inatoa umeme, upende usipende. Akachomoa waya huku friji ya chanjo ikivuta umeme. Moto wa bluu ukaruka. Vidole vitatu vikaungua, kidhibiti kikaungua, na chanjo za watoto wa mtaa ule zikaharibika zote.

Alirudi kwa mama yake mkono umefungwa bandeji. Anatuambia hakuombwa maelezo. Mama alipanda paa la nyumba yao na blanketi la kitandani, akafunika paneli zake mwenyewe.

"Jua halizimwi," alimwambia. "Linafunikwa. Panda."

Wakazifungua zote, wakazifunga. Wakazifungua tena. Familia ilikaa gizani siku tano. Mumewe anasema, "Wake wa wenzangu wakikasirika huvunja sahani. Wangu hubandua umeme."

Binti akawaita wenzake. Kila Jumamosi, kwa miaka minne, paa lile lilikuwa darasa. Aliyeweza, Mwalimu Rudia alimwandikia karatasi yenye mstari mmoja: Nimemwona akifanya. Na sahihi yake. Waajiri wakaanza kuulizia karatasi hiyo kuliko cheti cha chuo. Chuo nacho kikamwondoa darasani, kikampeleka maktaba kupanga vitabu. Alivipanga. Jumamosi akapanda paa.

Siku ya mazishi mkuu wa chuo alisimama na hotuba. Akasema marehemu ameacha mafundi zaidi ya mia nne. Binti akainuka katikati ya waombolezaji. Hakupaza sauti.

"Mama ameacha mafundi thelathini na mmoja," alisema. "Majina yao ninayo. Hao wengine ni wako, mkuu. Usimzike nao."

Mkuu aliikunja karatasi yake, akaketi.

Kwa mume wa marehemu, kwa watoto wake watatu, kwa wanafunzi wake thelathini na mmoja: poleni sana. Mmefiwa na mtu aliyewaheshimu kiasi cha kutowadanganya.

Nanyi wazazi wenzangu mnaotafutia wanenu chuo, kazi ya umeme wa jua ipo na inaongezeka. Lakini kabla ya kulipa ada, ombeni kuonyeshwa karakana. Vifunueni vifaa. Kama vina vumbi, mshikeni mtoto mkono mwondoke.

Na sisi wa redio tusijifanye wasafi. Kila mwaka tulialikwa kwenye mahafali ya chuo kile. Kila mwaka tulisoma idadi ya wahitimu hewani kwa sauti ya furaha, tukanywa soda zao, tukarudi studio. Hakuna aliyeuliza hata swali moja.