Vyumba Viwili, Mpangaji Mmoja

Benchi la Mama Biubwa, muuza kahawa, lilikuwa ubao juu ya kreti mbili za bia, kando ya spaza moja, duka dogo la mtaani, huko Troyeville, Johannesburg, na mwaka ule wa 2017 hata baridi ya Julai haikumzuia mtu kuja kubishana. Othmani aliitwa Wakili kwa sababu aliwahi kulinda mlango wa mahakama. Sasa alilinda geti la ghala, zamu moja na mlinzi mwenzake, Régis. Marcellin, fundi cherehani wa Bukavu, aliitwa Minista, yaani waziri, kwa sababu ya tai yake. Jumamosi hiyo Médiatrice aliketi katikati yao, simu mapajani. Miezi mitatu ilikuwa imepita tangu amkimbie huyo Régis, baba wa watoto wake, na ngumi zake, akawatoa watoto mtaa wa Berea. Tangu hapo alilipia vyumba viwili: hiki cha Troyeville walichokuwa wakilala, na kile cha Berea alichokitia kufuli jipya. Leo mkobani alikuwa na kodi ya kimoja tu, na msimamizi wa jengo la Berea alitaka jibu kabla ya saa sita.

Simu ililia; alikuwa msimamizi. Hakupokea.

— Vizuri, dada, alisema Wakili. Ukirudisha chumba leo, umejimaliza. Serikali inamsaidia kodi mtu aliyekimbia kwake. Lakini lazima uonyeshe risiti za nyumba mbili. Ukiwa na moja, wewe ni mpangaji tu kama sisi.

— Umeniambia hivyo tangu Aprili.

— Faili halikimbizwi, dada. Mama Biubwa, niongeze.

Kahawa ya Wakili ililipiwa na Médiatrice kila asubuhi. Ushauri una ada yake.

— Pesa yenyewe inatoka Geneva, alidakia Minista. Mwenye vyumba viwili wanamhesabu familia mbili. Kuna ndugu yetu kule Durban, walimwongeza na cha tatu!

— Cha tatu cha nini? aliuliza Mama Biubwa.

— Cha wageni.

— Eish, Minista! Na wewe unayelala chini ya cherehani, Geneva hawajakuona?

— Miye sina risiti, mama. Na picha pia inatakiwa. Unasimama hivi, ufunguo mmoja kila mkono, bila kucheka.

Médiatrice hakucheka. Vidole vilimuuma kwa kusuka nywele za watu tangu Jumatatu, na mwanawe mkubwa alikuwa anaenda shule na kiatu kilichofungwa kwa mpira.

— Ufunguo wa pili si ninao mimi? Wakili alisema. Afisa akija kukagua, nitamfungulia. Dada asipoteze siku ya kazi.

— Afisa huyo anakuja lini? aliuliza Médiatrice.

— Wakati wowote. Ndiyo maana usiachie.

Mwanamke aliyekuwa amesimama akisubiri kahawa alijisogeza. Ilikuwa mara yake ya kwanza pale.

— Samahani, yaya, dada yangu. Mimi Murielle, nimehamia Berea wiki mbili tu. Ni jengo gani hilo?

— Lile la kona, penye robot, zile taa za magari. Ghorofa ya nne.

— Kumbe tuko jengo moja! Ni chumba chenye kartoni dirishani?

— Hicho hicho. Kioo kilivunjwa na baba watoto.

— Na umekifunga? Hakuna mtu ndani?

— Hakuna.

Murielle alipuliza kahawa yake, akafikiri.

— Sasa ile yunifomu ya mlinzi inayoanikwa pale kila asubuhi ni ya nani?

Mama Biubwa aliacha kumimina. Minista alikaza tai yake iliyokuwa tayari imekazwa. Wakili alipeleka kikombe mdomoni, na wote waliona kwamba kilikuwa kitupu.

— Wakili, alisema Médiatrice polepole, ufunguo wangu uko wapi?

— Dada… hii baridi ya Julai… Régis naye ni mtu…

Simu ililia tena, na safari hii Médiatrice aliipokea.

— Ndiyo, ni mimi. Chumba nimekiacha leo. Kilichobaki ni kitanda, kichukue. Na ukikuta mtu ndani, kodi mdai yeye.

Akakata, akasimama, akafungua mkoba. Wakili alikuwa bado ameshika kikombe chake.

— Mama Biubwa, leo nalipa kimoja.