Bwana Msumari na Ufunguo wa Mlango wa Nyuma

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimjua kwa jina la Bwana Msumari na wachache tu kwa lile la kwenye kitambulisho, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1951 katika chumba cha nyuma cha karakana ya baba yake, mhunzi. Alikuwa wa nne kati ya watoto saba. Mama yake alisimulia kwamba kila mvukuto ulipovuma, kitoto kile kilipiga kelele mpaka mtu amwage maji. Wengine huzaliwa na jino; yeye alizaliwa na kazi.

Alianza shule mwaka 1959 akamaliza kidato cha nne mwaka 1970. Hesabu alizimudu, ila somo la kuchora lilimkosanisha na mwalimu, kwa kuwa kila kibanda alichochora kilikuwa na milango miwili.

“Nyumba ndogo hivi, mlango wa pili wa nini?”

“Wa kutokea, mwalimu, moto ukikaa kwenye ule wa kwanza.”

Februari 1971 aliajiriwa na kikosi cha zimamoto kubeba mipira ya maji. Tangu 1980 hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2011 alikuwa mkaguzi wa nyumba za kuishi. Kanuni alizisoma kama wenzake walivyosoma barua za wachumba: mtungi wa gesi ukae nje, plagi tano zisigombanie tundu moja, umeme ukikatika pasi ichomolewe, ngazi si stoo. Lakini kipenzi chake kilikuwa ufunguo wa mlango wa nondo. Mfuko wake wa shati haukukosa misumari, na mwenye nyumba akiwa bado anabisha, yeye ameshagonga. “Ufunguo unakaa hapa. Si kwenye pochi, si chini ya godoro, si kwa shemeji.”

Tarehe 6 Novemba 1976 alifunga ndoa na karani wa posta. Siku ya kujitambulisha ukweni hakumaliza hata dakika tano kitini. Alinyanyuka kusogeza jiko la mafuta ya taa lililokaribia kulibusu pazia. Baba mkwe akamtazama. “Kijana, umekuja kuposa au kukagua?”

“Vyote viwili, mzee. Sitaki kukabidhiwa mke aliyeungua nusu.”

Walijaliwa watoto watatu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kushika kiberiti kabla ya kidato cha pili.

Januari 2022 mwizi aliingia katika jengo lao la ghorofa mbili kwa mlango wa nyuma. Alipitisha mkono katikati ya nondo, akachukua ufunguo kwenye msumari, akajifungulia kama mwenyeji. Kikao cha wakazi kiliitishwa. Fundi cherehani wa ghorofa ya kwanza, anayeishi na mama yake mzazi, ndiye aliyewasha maneno. “Baba, msumari wako ndio uliomkaribisha. Bora ungemwekea na kiti.”

“Mwizi akiiba huacha kuta, mwanangu. Moto hauachi.”

Walipiga kura: nane kwa moja. Mkewe hakupiga, alisema yeye bado anakula nyumba moja na mkaguzi. Ufunguo akapewa mwenyekiti, ambaye huwa kazini tangu asubuhi hadi jioni. Marehemu alikubali shingo upande, kisha akakaa na kosa lake kama mtu anayekaa na mgeni. Alikiri kwa mkewe kwamba kwa miaka yote ile alipima mkono wa mwenye nyumba, hakuwahi kupima mkono wa mwizi. Wiki hiyohiyo alichongesha ufunguo wa pili, akagonga msumari mpya hatua tatu kutoka mlangoni, chini ya goti, mahali ambapo mkono wa nje haufiki na mtu anayetambaa kwenye moshi haukosi. Hakumwambia mtu mwingine.

Jumatano, tarehe 9 Machi 2022, umeme ulikatika. Fundi aliiacha pasi juu ya kitambaa, akatoka kununua vifungo. Umeme ukarudi kabla yake. Moshi uliziba ngazi za mbele. Marehemu aliwaongoza majirani kwa ngazi za nyuma, akatambaa, akapapasa, akafungua. Watu kumi na mmoja walitoka. Kisha akarudi juu na kitambaa kilicholowa puani, akamshusha mama wa fundi mgongoni.

Fundi alifika akihema, akamkuta mama yake amekaa barazani. “Mwenyekiti yuko kazini na ufunguo. Baba, umefungulia nini?”

“Ule mliokataa.”

Kikao kilichofuata, mkono wa kwanza kuunyanyukia msumari ulikuwa wa fundi.

Moshi wa siku ile haukumwacha. Mapafu yalimsumbua miaka miwili na nusu, mara tatu alilazwa, na mara zote tatu alimwuliza nesi mlango wa dharura uko wapi kabla ya kukubali kitanda. Alifariki nyumbani Jumanne, tarehe 3 Septemba 2024, saa tatu asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, dada mmoja, na majirani waliotoka wazima. Familia haiombi maua. Inaomba kila mmoja wetu, akifika nyumbani leo, kabla hajavua viatu, aangalie ufunguo wa mlango wa nyuma uko wapi.

Apumzike kwa amani, na huko aendako aukute mlango uko wazi.