Bwana Gango Afunga Karakana

Baada ya miaka thelathini na moja katika karakana ya hospitali yetu, fundi wa magango, vile vishikizo vya kuzuia kiungo kisipinde, anastaafu rasmi tarehe thelathini mwezi huu. Wagonjwa wanamwita Bwana Gango. Sisi wauguzi wa chumba cha sindano, mlango unaotazamana na wake, tuna majina mengine, lakini jarida hili linasomwa pia na mkurugenzi.

Haki yake tumpe. Alipoanza kazi, mtu mwenye baridi yabisi, yaani ambaye kinga ya mwili wake imegeuka na kuvamia viungo vyake mwenyewe, alipewa vidonge vya maumivu, pole, na gango. Yalikuwa magango mazuri, mepesi, yasiyochubua. Foleni yake ilifika ngazini, naye akipita katikati yake kama bwana harusi.

Kisha zikaja sindano mpya. Hizi hazifumbi macho zikapiga mwili mzima. Zinamtafuta mchochezi mmoja wa uvimbe na kumfunga mdomo. Watu waliokuja kwa magongo wakaanza kuja kwa miguu yao, tena wana haraka. Foleni ikahamia kwetu. Bwana Gango alilipokea jambo hilo kwa ukomavu wake wote: alinuna miaka sita. Aliegemea mlango akiwaonya wapita njia kwamba sindano hizo zinawalaza askari wote wa mwili. Kwamba kila mgonjwa tunampima kwanza kifua kikuu na kumfuatilia asipate maambukizi, hakuona haja ya kulitaja.

Wengi walicheka, wakapita. Shemeji yake, mdogo wa mkewe, mwalimu wa chekechea, naye mgonjwa wetu, alimheshimu mno, akaacha kuja kuchomwa sindano. Wakati huo alikuwa ameanza tena kuruka kamba na watoto. Miezi michache baadaye hakuweza kushika chaki. Bwana Gango mwenyewe ndiye aliyemleta kwa kiti cha magurudumu, macho sakafuni.

“Dada, mchome,” aliniambia.

“Si unasema zinalaza askari?”

“Mchome, nakuomba.”

Aliyemtetea ni mgonjwa mwenyewe, kutoka kitini. “Mwacheni shemeji. Hakunitakia mabaya, alinitakia gango tu.”

Tulimpima, tukamchoma. Magoti yakarudi, vidole vikarudi. Kifundo cha mkono wa kulia kilikuwa kimeshaliwa, na sindano hairudishi mfupa uliokwisha. Bwana Gango akakitengenezea gango zuri kuliko yote ya maisha yake. Tangu hapo, mgonjwa akimuuliza habari za sindano, alimwonyesha mlango wetu kwa kidole, bila neno. Tunalihesabu hilo kuwa fanikio kubwa kuliko yote ya utumishi wake.

Kaka, asante kwa magango, na zaidi kwa kunyamaza. Upate mapumziko marefu, magoti mepesi na usingizi mzuri. Zawadi yako ataikabidhi shemeji. Ataitoa kwa mkono wa kushoto. Usimwone hana adabu.