Ndoa ya Nadège kwenye Sayari Nyingine

Padri wetu, wazazi, majirani na ninyi nyote mliokuja kulia pamoja nasi, mimi ni Josaphat, mdogo wake Nadège, na ukoo umenituma niwasomee maisha yake.

Masika Nadège alizaliwa Kanyabayonga tarehe 14 Machi 1991, akasoma shule ya msingi hukohuko, akapata diploma ya serikali ya kumaliza sekondari hapa Butembo mwaka 2010, na tangu Septemba 2011 alifundisha mwaka wa kwanza wa msingi katika shule ya mtaa wa Mususa, watoto wakimpenda na wakubwa wakimsifu, maana alikuwa bado hajawaudhi.

Mwaka 2016 aliingia katika mchezo wa televisheni wa vijana wa mji huu, juu ya watu wanaosafiri angani katika chombo kilichoungwa kwa mabati, naye akawa kamanda wake, mwanamke akiwaamuru wanaume, na mji mzima ukacheka na kupiga makofi.

Kuhusu ndoa, mwezi wa Juni 2017 familia ya Delphin, mchumba wake, ilileta mbuzi wa mahari, tukawapokea. Tarehe 3 Februari 2018, katika mchezo, kamanda huyo alifika kwenye sayari ambayo wakaaji wake si wanaume wala wanawake, akafunga ndoa na mmoja wao, aliyechezwa na mwigizaji mwenzake Abigaïl, na kesho yake wakwe walikuja kuchukua mbuzi wao, wakisema, "Huyu binti alisha olewa, tulimuona na macho yetu kwa televizioni." Watu wazima, wenye maduka na diploma, walidai mbuzi kwa sababu ya harusi ya angani, na baba zetu wakawafungulia zizi pasipo kumuuliza Nadège neno. Kwaya aliyoimba kanisani ikamvua sare, shule ikamfukuza, mchezo ukafungwa.

Tangu 2019 aliishi na Abigaïl nyumba moja, Mususa, wakishona nguo. Nimeagizwa niseme kwamba hakuolewa na hakuacha mtoto. Mtoto hakuacha. La ndoa silisemi, kwa sababu wale wakwe, pamoja na ujinga wao wote, waliona jambo ambalo sisi ndugu tulilifumbia macho miaka yote hiyo.

Figo zilianza kumsumbua Agosti 2024, akalazwa Beni, akafariki tarehe 2 Mei 2025, mikononi mwa Abigaïl, nasi wa damu yake tulifika kuchukua maiti tu.

Tunawashukuru madaktari, majirani waliochanga kuni na chakula, na washonaji wenzake. Abigaïl amewekwa kule nyuma pamoja na wageni, wakati mkeka wa wafiwa uko hapa kando ya sanduku. Abigaïl, pita mbele ukae. Kama kuna atakayeinuka kwa hasira, na ainuke, nafasi itapatikana.

Nadège, pumzika kwa amani ile tuliyokunyima ukiwa hai.