Reuben Katana, Aliyebisha Kuwa Roketi Hairudi (1969–2025)

Marehemu Reuben Katana Mwambire, tunayemuaga leo hapa Doha kabla hajasafirishwa kwao, alizaliwa Gongoni, Malindi, tarehe 3 Juni 1969. Baba yake aliwapikia Waitalia waliorusha roketi kutoka jukwaa lao la baharini pale Ngomeni.

Alisoma shule ya msingi Gongoni, kisha sekondari Malindi, akamaliza mwaka 1988. Roketi ikirushwa, darasa zima lilitoka nje kutazama moshi, mwalimu akiwa mbele. Zilikuwa roketi nyembamba za kutumika mara moja. Mabaki yake yaliishia baharini. Reuben alikua akijua hivyo, na akishika neno, halimtoki.

Mwaka 1996 alimwoa Loice Dama kwa mila, wakajaliwa Terry na Kevin. Aliendesha watalii Malindi mpaka kazi ilipolegea mwaka 2008, akaja Doha. Siku ya kuondoka, Loice alimuuliza ni lini wataishi tena nyumba moja. Kwa mzaha wake akamjibu kuwa ni siku roketi itakaporudi. Watu walicheka, lakini Loice aliliweka neno.

Alianzia Industrial Area, mtaa wa viwanda wa hapa, akiendesha basi la wajenzi. Mwaka 2012 aliajiriwa na kampuni moja ya setilaiti ya mtaa wa West Bay kuwabeba wahandisi na wageni. Setilaiti yao ya kwanza ilipelekwa na roketi ya kukodi, kubwa kuliko zote alizoziona utotoni, nayo vilevile haikurudi. Reuben aliridhika. Ila Desemba 2015, roketi ya kampuni ya Marekani ilishuka ikasimama wima. Terry alimwonyesha mamake video yake, naye mama akampigia Reuben simu.

“Roketi isharudi, Baba Terry. Na wewe?”

Reuben alisema video hiyo imechezwa kinyumenyume. Alishikilia hivyo miaka mitatu, ingawa wahandisi walimweleza garini kwamba kipande cha chini cha roketi kikirudi hutumika tena, na safari huwa nafuu. Sisi mashemeji zake, ndugu za Loice, tulijua kilichomsumbua. Aliogopa kurudi mikono mitupu.

Machi 2019 kampuni ilipeleka setilaiti ya pili. Reuben alileta wageni ofisini, akabaki kutazama moja kwa moja. Kipande cha chini kilitua wima juu ya jukwaa linaloelea baharini. Alishuka hadi alipoegesha gari, akampigia Loice.

“Mama Terry, umeshinda. Nakuja.”

Walifunga ndoa kanisani Malindi tarehe 27 Aprili 2019. Likizo ya Reuben ilipoisha, Loice hakukubali kuachwa tena. Alipata kazi ya upishi katika chekechea hapa Doha, wakapanga nyumba Al Wukair. Hiyo ndiyo miaka aliyonenepa shemeji yetu, na alifurahi tulipomtania.

Mwaka 2024 figo zilianza kumsumbua. Hospitalini, muuguzi Proscovia alimnyang'anya simu mara kadhaa, maana aliwaamsha wagonjwa wenzake ili watazame roketi zikitua. Hakuwa na manung'uniko. Alifariki Ijumaa, tarehe 14 Novemba 2025, Loice akiwa kando yake.

Ameacha mjane, Loice, watoto, Terry na Kevin, mjukuu, Job, na sisi mashemeji tuliobishana naye. Atazikwa Gongoni tarehe 22 Novemba. Alimsihi Loice asijisumbue kusafiri na mwili wake, kwani watu wa nyumbani wangeupokea. Loice alimwacha amalize kusema. Kesho anapanda ndege ileile itakayoubeba mwili.

Apumzike kwa amani. Mwenzake atakuwa naye njia nzima.