Ahsante Iliyokosa Mwenyewe

Benchi lenyewe ni ubao juu ya matofali, nje ya geti la chuo kikuu. Kila asubuhi mjane wa marehemu Dakika huwamiminia kahawa wabishi wale wale watatu: Wakili, fundi viatu ambaye mahakamani hajawahi kukanyaga; Kipaza, muuza magazeti; na Refa, dereva mstaafu anayemtoa nje yeyote asiyekubaliana naye. Dakika alikuwa fundi saa, na jamani, hakuna siku aliyofika kwa wakati. Alifariki kabla ya mvua, na nafasi yake benchini mpaka leo hakuna anayeikalia.

Siku hiyo akatokea mwalimu wa chuo, yule binti aliyewarekodi mwaka jana kwa utafiti wake wa mazungumzo ya vijiweni.

— Shikamooni. Leo jioni tuna mhadhara wa wazi, ukumbi mkubwa, yeyote anakaribishwa. Watu watasikilizishwa ubishi wenu.

— Si nilisema? Wakili akajitutumua. Sisi ni wasomi, tumekosa majoho tu!

— Umekosa na viatu, fundi mzima, Refa akamkata.

Mwalimu akamgeukia mjane.

— Mama, sauti ya marehemu nayo imo. Bila ruhusa yako siiweki.

Tangu mazishi mama hakuwa ameisikia sauti ile. Alitamani kusema ndiyo, na alitamani kukimbia. Akaling'ang'ania birika kwa mikono miwili.

— Kwanza niisikie.

Simu ikabonyezwa. Ubishi ukalipuka: eti samaki naye huona kiu au haoni. Katikati ya zogo, sauti ya Dakika ikapita taratibu: "Ahsante sana, bibie." Kisha akarudi kuwashambulia wenzake. Mama akalikumbatia birika.

— Hapo ndipo pananitatiza, alisema mwalimu. Anamshukuru nani? Hakuna anayeitikia.

— Alikuwa anaongea na simu, alisema Kipaza.

— Simu gani? Ile mbovu iliyofungwa kwa mpira? Wakili akabisha. Huyo ni bibi fulani alikuwa anapita. Dakika alikuwa na mambo yake, kimyakimya.

— Wewe naye! Kipaza akamkemea. Shemeji yuko hapa!

— Basi alikuwa anajishukuru mwenyewe.

— Ajiite bibie?

— Nyote nje! Refa akanyanyua mkono. Dakika alishatokewa. Alimwona malaika wa kike.

— Malaika, asubuhi yote hii, kijiweni? Anatafuta nini?

— Kahawa!

Wakacheka mpaka ubao ukayumba. Hakuna aliyemtazama aliyeshika birika.

— Alikuwa ananishukuru mimi, alisema mama.

Wote wakamgeukia.

— Kila kikombe. Nyumba moja, kitanda kimoja, lakini hanywi mpaka ashukuru. Na mimi siitikii. Mikono imejaa, nyinyi mnapiga kelele, na kesho najua atasema tena.

Machozi yakamtoka, wala hakuyafuta. Ilimuuma, lakini furaha ilizidi: kumbe kuna mtu aliyekaa kwenye fujo ile na kulitunza neno la mumewe.

— Mungu akubariki, mwanangu. Umenitunzia kitu. Irudie.

"Ahsante sana, bibie."

— Karibu, mume wangu, mama akaitikia kwa sauti.

Kisha akamgeukia mwalimu.

— Waambie huko ukumbini kwamba bibie ni mimi. Nami nitakuja, nitakaa mbele.

Wakili akakohoa, akainama kutafuta kitu chini ambacho hakikuwepo, kisha akanyoosha kikombe. Mama akalipindua birika. Matone mawili.

— Imekwisha, shemeji.

Wakili hakurudisha mkono.

— Basi ahsante ya jana.

— Na ya juzi, alisema Kipaza.

Refa akavua kofia, akaikunja, akaikunjua.

— Mimi sijawahi hata mara moja, shemeji. Nianzie wapi?